Ndege Wanne, Mkato Mmoja

Begi la Mereana lilikuwa limeshatolewa barazani kabla Sajini Tekura hajashuka kwenye pikipiki yake. Begi la bluu, zipu imekufa, limefungwa kwa kamba. Kando ya begi palikuwa na kiti cha plastiki, na juu ya kiti Mereana mwenyewe, gauni la sherehe mwilini, shada la maua kichwani, amekaa kama bibi harusi aliyesusiwa.

"Ndege ni saa tisa," alisema Mereana, hata salamu hakutoa. "Kama unanihoji, nihoji upesi. Mama mkwe ameshanikatia tiketi."

"Na mtoto?"

"Mtoto anabaki. Wanasema damu ni yao. Mimi nilikuwa gunia tu la kumbebea."

"Kairangi anasemaje?"

Mereana akatupa kidevu kuelekea nyuma ya nyumba. Mumewe alikuwa huko na sepetu, anaifukua umu, shimo la mawe ya moto, nguruwe hajaiva, anaifukia, anaifukua tena. Alipomwona Sajini, akainama zaidi.

"Usiondoke hapa," alisema Tekura.

"Niende wapi? Kisiwa chenyewe ukipiga chafya huku, kule wanakwambia pole."

Ndani, nusu ya kisiwa cha Enuakura ilikuwa imeshaingia. Wanawake wa chama cha ushonaji walijaa sebuleni na kofia zao za ukindu kichwani, sahani za taro na samaki wa nazi mikononi, maana sherehe ilikuwa imevunjika lakini chakula hakikuvunjika. Walipomwona Tekura walinyamaza kwa namna ile ya watu waliokuwa wanakusema wewe.

"Haya, serikali imefika," mmoja akasema. "Sasa tutajua kama ni panya."

"Panya gani anashika mkasi?"

"Panya wa Mangaia!"

Wakacheka hadi sahani zikatikisika. Mangaia, kisiwa kingine, ndiko kwao Mereana. Barazani kile kiti cha plastiki kililia kidogo, kama mtu amejigeuza asisikie.

Asubuhi hiyo, ukumbini, ilikuwa siku ya mtoto Teokotai kukatwa nywele. Tangu azaliwe hazikuguswa. Zilikuwa zimemfika mabegani, na leo zilifungwa vishungi kwa utepe, kila mwalikwa akate chake na kuacha zawadi. Kiti cha mtoto kikawekwa katikati. Sanduku likaletwa. Mama Upokoina, bibi wa mtoto na mama mkwe wa Mereana, akaitoa tivaevae yake, shuka lile la mapambo ambalo katika visiwa hivi wanawake wanapimana nalo kuliko hata waume, akaitandaza mbele ya kisiwa kizima na wageni wanane waliokuja kutazama mapango na ndege wake. Kitambaa cheupe, na juu yake kitambaa chekundu kilichokatwa mbayuwayu wanne wa pangoni, wanaruka kutoka katikati kwenda pembe nne. Ukumbi ulisema "Aaa!" kwa uzuri. Kisha ukasema "Aaa!" nyingine.

Kila ndege alikuwa na tundu kifuani.

Sasa tivaevae ilikuwa imelazwa kwenye sakafu ya chumba cha kulala, na Mama Upokoina ameketi kando yake kama anakesha na maiti.

"Usiikanyage," alisema. "Viatu vya polisi hivyo."

Tekura akavua viatu, akapiga magoti.

"Angalia vizuri," Mama Upokoina aliendelea, "ingawa wewe hata ukiangalia utaona nini? Mama yako alikufundisha uzi, ukaenda kujifunza pingu."

"Ndiyo, Mama. Zile zake zote alimpa dada yangu."

"Alijua anachokifanya."

Tekura akainamia kitambaa. Kila tundu lilikuwa na umbo la kashata, pembe nne zilizochongoka, dogo la kupitisha kidole gumba. Kingo zilikuwa safi. Hapakuvutwa wala kuraruliwa. Mkasi mzuri ulipita kwenye nyekundu na nyeupe kwa pamoja. Akavua mkanda wake wa kazi, akaweka bizimu yake katikati ya kitambaa, akaunyoosha hadi kifuani kwa ndege wa kwanza. Tundu likaangukia kwenye jicho la mwisho la mkanda. Akauzungusha kwa wa pili. Jicho lile lile. Wa tatu, wa nne, vile vile, hata upana wa uzi haukuzidi.

"Nani aliitoa sandukuni jana?"

"Mimi. Wageni walishuka pangoni, wakaletwa hapa waione. Ilikuwa nzima kama yai."

"Na nani aliirudisha?"

"Mimi nilikuwa nawasindikiza wageni. Kina mama ndio waliobaki, wanaingia wanatoka. Na huyo wa Mangaia ndiye analala humu. Sanduku analo miguuni usiku kucha! Unataka ushahidi gani tena? Wiki iliyopita kasema mbele ya watu kwamba anaomba panya waile."

"Huwa unaikunjaje?"

"Kama mama yangu. Mara tatu kwa urefu, kisha naiviringisha. Ya kukunjwa kunjwa inazeeka."

"Kuikunja pembe kwa pembe, je?"

"Mimi si mwehu, Tekura."

Sajini akavaa mkanda, akatoka barazani. Wanawake wakasogea dirishani wote kwa pamoja, kama waliosukumwa na upepo.

"Ulisema panya waile?" alimuuliza Mereana.

"Nilisema. Nikarudia, maana wa nyuma hawakusikia." Mereana akapigapiga begi. "Mama yangu ameshona tivaevae kwa ajili ya siku hii. Kaituma kwa meli. Nilipomwonyesha mama mkwe, kaishika kwa vidole viwili, akasema itafaa kufunikia pikipiki mvua ikinyesha. Iko humu. Itarudi Mangaia ilivyokuja."

"Kwa hiyo ulimwonea wivu."

"Wivu? Sajini, nilikuwa nawaka! Kila mgeni akija, tivaevae ya mama mkwe. Kila picha, mama mkwe. Mtoto nimezaa mimi, ukimsikia yeye utadhani katungwa kwa sindano na uzi. Lakini kile kitambaa sikukigusa. Sikuruhusiwa hata kukipumulia."

"Jana ulipoingia kulala, kilikuwa wapi?"

"Sandukuni. Ila mfuniko haukufunga. Kitu kilikuwa kimevimba ndani, kama kimeviringishwa na mtu mwenye haraka. Nikaukalia ukafunga."

"Ukaukalia?"

"Nikaukalia kwa raha zangu," alisema Mereana, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hiyo iandike. Hiyo nimeifanya kweli."

Mgeni aliyesemwa kuliko wote alikuwa mama mmoja wa Uholanzi, Annelies, mrefu, pua imeungua na jua. Tekura alimkuta kwenye meza ya bustanini, mbele yake sahani ya maandazi ambayo hakuthubutu kuyagusa.

"Wanasema ni mimi," Annelies alianza. "Kwa sababu nilitaka kuinunua."

"Ulitaka?"

"Nilitaka sana. Nina rafiki yangu kule nyumbani anayo moja ukutani, na kila nikienda kwake roho inaniuma. Wakaniambia hizi haziuzwi, anapewa mtu au anazikwa nayo. Nikaomba radhi. Basi."

Tekura karibu acheke. Kumbe ugonjwa wa wivu ulikuwa unapanda hadi ndege za kwenda mbali. "Nionyeshe picha zako za jana."

Katika picha, tivaevae ilikuwa kitandani, vifua vya ndege vizima. Mama Upokoina alisimama mbele, mikono kiunoni, anang'aa. Wanawake wamembana huku na huku. Mlangoni kabisa alionekana mwanamke mwembamba aliyegeuza uso, nusu yuko ndani ya picha, nusu yuko nje.

"Huyu hakutaka kupigwa picha?"

"Hakutaka. Nilimuuliza Mama Upokoina mchoro huu ulitoka wapi. Akasema ulimjia ndotoni, usiku ule mjukuu alipozaliwa, baada ya sala. Sote tukasema, jambo zuri hilo. Huyu wa mlangoni akasema 'Amina.' Wenzake wakacheka mpaka wakafuta machozi. Mimi sikujua kilichowachekesha."

Tekura alijua. Hapakuwa na mtu Enuakura asiyejua. Wanaoshona kisiwani ni wengi. Anayechora na kukata ni mmoja, na ndiye huyo mwenye nusu uso.

"Kisha?"

"Kisha Mama Upokoina akanipa heshima. Akatangaza pale pale kwamba mimi ndiye nitakayekata kishungi cha kwanza cha mtoto. Nilijisikia vibaya, mimi nimekuja juzi tu. Lakini ningekataaje?"

"Na huyu alikuwepo bado?"

"Alikuwepo. Sisi tulipotoka, yeye alikuwa anawaambia wenzake waende tu, ataikunja."

Sajini akayahamisha maandazi kwenye kiti, akachukua karatasi yake, akaikata iwe na pande sawa. Akaikunja mara tatu kwa urefu, akaiviringisha alivyosema Mama Upokoina, akaing'ata ukingoni kwa mkasi mdogo wa kisu chake. Alipoifungua, matundu yalijipanga mstari kama vifungo vya shati. Akachukua karatasi nyingine, akaikunja nusu, na nusu tena, kama shuka la nyumba ya wageni. Akakata. Matundu mawili, yanatazamana, wala hayako njia ya pembe.

Ya tatu akaikunja nusu, nusu, kisha pembe kwa pembe hadi ikawa pembetatu. Akaukata ule mkunjo mrefu, mara moja tu. Akafungua.

Matundu manne, umbo la kashata, kila moja kwenye njia ya kwenda pembeni.

"Mkato mmoja," alisema Annelies polepole. "Kama tunavyokata mapambo ya Krismasi."

"Kwenu ni karatasi," alisema Tekura. "Kwetu ni kitambaa. Na mkasi wa kupita tabaka zote zile, mbili mbili, si mkasi wa jikoni."

Mama Akaiti, yule wa nusu uso pichani, alikuwa amekaa mwisho wa sebule, mgongo ukutani, mkasi wake mkubwa unaning'inia shingoni kwa utepe kama siku zote. Hakuwa na sahani. Tekura akaingia kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Mama Akaiti, nisaidie. Uchunguzi utachukua muda, na watu wamekaa na zawadi zao. Tukate kiraka kizuri cheupe, kizibe vile vifua, mtoto akatwe nywele jioni hii."

"Na mwizi, je?" walidakia wengine.

"Kwani kimeibwa nini? Kiraka kwanza."

Kitambaa cheupe kikatafutwa, mraba mkubwa mzuri. Mama Akaiti akakipokea, akakipiga pasi kwa kiganja. "Leteni tivaevae nipime."

"Mama Upokoina amejifungia nayo, hataki mtu. Wewe kata kwa kukadiria. Ikizidi tutapunguza."

Akaiti akamtazama. Kisha akatazama kitambaa, na mikono ikaanza kazi yake. Nusu. Nusu tena. Pembe kwa pembe. Mkasi ukala kitambaa bila alama ya penseli, unazunguka, unarudi, vipande vinadondoka mapajani. Wanawake walisahau kutafuna. Kuna aliyesema kwa kunong'ona, "Laiti ningekuwa na mkono ule," na haikuwa sifa tupu. Kulikuwa na uchungu ndani yake.

Akafungua. Lilikuwa shada la mviringo, katikati wazi, na maua manne ya tiare yaliyoungana kwa majani.

Tekura akalichukua kwa viganja viwili, akagonga mlango wa chumba kwa kiwiko. "Mama Upokoina, fungua. Na nyie njooni."

Walijazana mlangoni. Sajini akapiga magoti, akaliweka shada juu ya tivaevae, katikati kwa katikati, akalinyoosha. Ua la kwanza likakaa juu ya tundu la kwanza. La pili juu ya la pili. La tatu. La nne. Hapakuwa pa kupunguza wala pa kuongeza.

Mtu mmoja nyuma akasema, "Yesu wangu."

"Mama Akaiti," alisema Tekura, bado yuko chini. "Asubuhi ulikaa nyuma kabisa ukumbini. Tangu hapo hujaingia chumba hiki. Umepimaje?"

"Mimi nimekata maisha yangu yote."

"Umekata ndege. Hilo najua. Matundu uliyajulia wapi?"

Mama Akaiti akashika mkasi wake, akauangalia kama mtu aliyesalitiwa na rafiki.

"Niliikunja kwanza," alisema hatimaye, na sauti ilikuwa ya mshangao kuliko ya aibu. "Nilitaka niitie mkasi tu, popote, niondoke. Mkono ukakataa. Mkono ukasema, kunja kwanza, Akaiti, utaharibu."

"Ulikuwa wewe!" Mama Upokoina aliinuka kama amemwagiwa maji. "Tangu shuleni! Tangu shuleni kijicho! Nikipata gauni, unanuna! Nikipata mume, unanuna!"

"Mume yule ningenunaje? Nilikuhurumia!"

"Mwongo! Wageni wakija kwangu roho inakuuma!"

"Inaniuma! Mchoro umekujia ndotoni? Usiku ule nawachora ndege wale mezani kwangu, kweli ulikuwa umelala, Upokoina. Ulikuwa umelala kwenye kiti changu unakoroma!"

Vicheko viliwatoka wanawake kabla hawajavizuia. Akaiti hakucheka.

"Na sikutaka jina. Jina chukua, liweke kwenye mapicha yako. Ulikuja kwangu na mvua, ukasema, 'Akaiti, nikatie mchoro ambao hakuna mwingine atakuwa nao, na wa kwanza kumkata nywele mtoto utakuwa wewe.' Sina mjukuu mimi. Sitakata nywele za mtoto yeyote mpaka nife. Kishungi kimoja! Nawe umempa mtu aliyekuja kutazama mbayuwayu."

Mama Upokoina akageukia ukuta.

"Hayo ni yenu wawili," alisema Tekura akiinuka. "Mimi nina begi barazani. Mama Akaiti, tangu asubuhi umelipita lile begi. Umeingia liko hapo, umetoka liko hapo. Ungeiacha ndege iondoke naye?"

Akaiti akatazama sakafu. "Nilisema nitaongea. Kila nikitaka kuongea, namwona Upokoina analia, naona utamu."

"Na wewe, Mama Upokoina. Unashtaki?"

"Nashtaki! Leo hii!"

"Vizuri. Hakimu atakuja kutoka Rarotonga. Utashika Biblia. Swali la kwanza utaulizwa, mchoro huu ni wa nani na ulikatwa na nani. Utamjibu ndoto?"

Wanawake wote wakapata kitu cha kuangalia kwenye sahani zao. Mama Upokoina akakaa juu ya sanduku. Lilifunga bila shida.

"Basi nani alitoa begi nje?" aliuliza Tekura.

"...Mimi."

"Basi."

Ilikuwa safari fupi, kutoka chumbani hadi barazani, lakini mama yule aliitembea kama anapanda miamba ya pwani bila viatu. Akainama ashike kamba ya begi. Mereana akaweka mguu juu yake.

"Liache, Mama. Likiingia, nitaliingiza mwenyewe. Kwanza nataka kusikia."

Aliyesema hakuwa Mama Upokoina. Mama Akaiti alikuwa ametoka nyuma yake, na kisiwa chote nyuma ya Akaiti. "Ni mimi niliyekata," alisema kwa sauti ya kufika barabarani. "Na nikanyamaza wakufukuze wewe. Tundu la kwanza lina kiraka. Hili la pili sijui nalizibaje."

Mereana akaondoa mguu kwenye begi. Nyuma ya nyumba sepetu ilikuwa imenyamaza. Kisha akafungua kamba, akatoa tivaevae ya mama yake, ya njano na zambarau, rangi za kupigana, akaitupia begani kama shuka la shujaa.

"Twendeni ukumbini," alisema. "Mtoto ana joto na nywele zile."

Ndege ya saa tisa iliwapita juu ya paa la ukumbi wakati kiti kinatandikwa. Tivaevae ya Mama Upokoina ilitangulia, na shada lake jeupe lililoshikizwa kwa pini. Ya Mangaia ikaja juu, na hakuna aliyesema neno kuhusu pikipiki. Mama Upokoina alisimama pembeni, midomo imebanwa, na alipoulizwa na mgeni mwingine mchoro ule wa ndege ni wa nani, alikohoa, akaangalia dari, akasema, "Wa Akaiti. Uzi ni wangu."

Mkasi wa sherehe ukaletwa kwenye sinia, umefungwa utepe. Kila mtu akamgeukia Annelies. Annelies akaificha mikono yake mgongoni kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Mereana akauchukua yeye. Akapita mbele ya mama mkwe wake bila kupunguza mwendo, akasimama mbele ya Mama Akaiti, akamwekea mkasi kiganjani, akamsogezea kile kichwa kidogo chenye vishungi.

"Kata," alisema. "Lakini mwanangu usimkunje."